Waziri wa Vitamutamu

Mtaani kwetu Chamarajapuram, ukitaka kujua jambo lolote ulikuwa unakwenda kwa Vanajamma. Nani kaposwa, nani kaposwa akakataa, daktari gani wa meno ana mkono mwepesi, treni ya Bengaluru imechelewa kwa sababu gani: yote alikuwa nayo. Wala hakuyapata kwa kuzurura. Aliyapata akiwa amekaa. Maisha yake yote yule mwanamke alikuwa amekaa.

Alikuwa opereta wa simu. Tangu usichana wake mpaka alipostaafu alikwenda kwenye jengo lilelile, akavaa vile vidude vya masikioni, akachomeka nyaya na kuchomoa. Mitambo mipya ilipokuja ikazifuta nyaya, wakamhamishia dawati la maulizo, akaendelea kukaa. Aliwaunganisha watu na Bombay, na Delhi, na London. Alisikia wanandoa wakigombana Dubai na mabinti wakilia Singapore. Yeye mwenyewe alizaliwa barabara ya tatu akaolewa barabara ya tano, na siku ya harusi alilalamika kwamba safari ni ndefu.

Mimi ni Nagaratna, nashona blauzi za sari. Dirisha la cherehani yangu linatazama ua wake, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Mengine niliyaona, mengine niliyasikia, na mengine nilikuwemo ingawa nilijitahidi nisiwemo.

Mumewe, marehemu Bwana Shamanna, alikuwa karani wa karakana ya reli, mtu mpole asiyependa jua. Kila mara mkewe alipomwambia waende wakaione ikulu ya mfalme kwa ndani, alijibu, "Ikulu haina miguu, Vanaja. Tutaikuta." Akafariki ikulu ikiwa palepale, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwao, na hakuna kati yao aliyewahi kupita getini kwake. Mwana wao wa pekee, Muralidhara, alikuwa Pune na mkewe. Ghorofa ya juu ikabaki tupu, Vanajamma akaamua kuipangisha, na dalali akamletea Mzungu.

Ulikuwa mwezi wa nane, mvua zile za rasharasha. Mzungu alishuka kwenye bajaji kwa mafungu: kwanza mguu mmoja, halafu wa pili, halafu tukasubiri, ndipo kikaja kiwiliwili. Alikuwa mhandisi kutoka Ucheki, ana mkataba wa miaka miwili wa kufunga mashine za kufumia katika kiwanda cha hariri nje kidogo ya mji. Vanajamma alimpokea kwa Kiingereza chake, ambacho chote alijifunzia kazini.

"Habari za asubuhi. Nani mwenzangu?"

"Ondrej."

"Rudia tafadhali, laini si nzuri."

"Ondrej."

"Unde," akasema Vanajamma, akaridhika.

Kwetu unde ni lile donge la mviringo la ngano na sukari analopewa mtoto akitulia. Mtu mwenyewe alikuwa mwembamba kama fito, lakini jina likamkaa, na wiki ya pili hata muuza mboga alikuwa anampigia kelele, "Bwana Unde, leo nina bamia."

Masharti ya nyumba yalikuwa matatu. Viatu vibaki nje, nyama isipikwe ndani, na asikanyage maua ya unga wa mchele ambayo Vanajamma huyachora mbele ya kizingiti kila asubuhi. Mawili aliyatii. La tatu lilimshinda, kwa sababu fremu ya mlango ilikuwa fupi kuliko yeye. Akitazama juu aokoe kichwa, anakanyaga maua. Akitazama chini aokoe maua, anagonga kichwa. Mimi nilijua ameondoka kwenda kazini kwa kusikia ama kishindo ama sauti ya Vanajamma.

"Yule kijana shingo yake ina kasoro," Vanajamma aliniambia siku moja dirishani.

"Kasoro gani, dada?"

"Ukimuuliza kitu, inakwenda juu na chini, au kushoto na kulia. Katikati hakuna kitu. Haijui kuyumba."

"Labda ndivyo walivyoumbwa huko."

"Basi wanapata taabu kubwa. Mtu akikuomba kitu usichotaka kumpa na hutaki kumnyima, unamjibu nini kwa shingo ya namna hiyo?"

Alijifunza polepole. Kunywa maji bila kopo kugusa midomo kulimchukua muda. Aliinua kopo juu kama alivyotuona sisi, akafungua mdomo, maji yakaenda sikioni. Shati lake lilikauka mara chache sana mwezi ule. Kikannada, lugha yetu, alifundishwa na Vanajamma kwa njia aliyoijua yeye: kila siku jioni simu ya Unde inalia kule juu, anapokea, Vanajamma yuko chini jikoni, na wanasikiana hata wakizizima simu zenyewe. Hapaswi kujibu kwa lugha nyingine. Sentensi ya kwanza aliyoijua barabara ikawa "Nani mwenzangu?" na akaanza kuwauliza hivyo watu aliokutana nao uso kwa uso barabarani. Muuza mboga aliulizwa mara nyingi hata akaanza kujitilia shaka.

Sasa, huyu kijana Jumapili alikuwa hana kazi, na Jumapili moja alishuka ngazi akiwa amechana nywele.

"Amma," akamwita, yaani mama, "nataka kuona mji. Nianzie wapi?"

"Ikulu, bila shaka," akasema Vanajamma.

"Ni nzuri kwa ndani?"

"Nzuri kupita kiasi."

"Basi twende wote wiki ijayo. Wewe ndiye mwenyeji, utanieleza."

Niliuona uso wa Vanajamma kutoka kwenye cherehani. Shingo yake ikayumba, katikati ya ndiyo na hapana, pale tunapokaa sisi sote tukibanwa. Lakini Unde alikuwa ameanza kuijua ile ishara, na aliijua vibaya: alidhani ni ndiyo.

Jumamosi yake Vanajamma akaja kwangu.

"Ratna, kesho unakwenda ikulu."

"Nina blauzi za harusi hapa, dada. Bi harusi ananenepa kila siku, nikichelewa nitashona upya."

"Unakwenda. Wewe uliingia na shule."

"Nilikuwa mtoto. Nakumbuka tu kwamba mwenzangu Mandakini alitapika."

"Hilo nalo ni jambo la kuanzia."

Tukaenda. Tuliacha viatu nje na watu wengine, tukafuata mkondo wa watu kwenye sakafu baridi, na Vanajamma akaingia katika ule ukumbi wa harusi wenye nguzo za rangi ya maji ya bahari na kioo cha tausi juu. Alinyamaza. Mimi nimekaa ukuta kwa ukuta na huyu mtu miaka mingi, sijamwona akinyamaza. Alisimama katikati, uso juu, mdomo wazi, watu wakimpita kama maji yanavyopita jiwe.

Unde naye alikuwa akimtazama. "Amma, hizi nguzo ni za nini?"

Vanajamma akakumbuka yeye ni nani.

"Za mama wakwe," akajibu. "Siku ya harusi mama mkwe mmoja anapewa nguzo hii, wa pili anapewa ile kule mbali. Wanaegemea, wanatazamana, hawasikiani. Ndiyo maana ndoa za ikulu zilidumu."

Nikamfinya mkono. Hakujali. Unde alikuwa ametoa macho kwa furaha, na furaha ile ilimpanda Vanajamma kichwani kama kahawa kali. Kila chumba tulichoingia alikuwa na la kusema. Kiti cha fedha kilikuwa cha kumkalisha mgeni asiyependwa, maana fedha ina baridi. Kioo kikubwa kilikuwa kinamwambia malkia ukweli, ndiyo sababu kimewekwa mbali na chumba chake. Mpaka tukafika kwenye picha ya mzee mmoja mnene mwenye kilemba na masharubu, ametulia kama aliyeshiba.

"Huyu?" akauliza Unde.

"Huyu ndiye Waziri wa Vitamutamu."

"Kulikuwa na waziri wa vitamutamu?"

"Mfalme angejuaje kama sukari imezidi? Huyu alionja kila kitu kabla ya mfalme. Siku moja alipata homa, ulimi ukawa mchungu, sherehe nzima ikaahirishwa. Alikuwa babu wa babu yake marehemu mume wangu."

Nyuma yetu kulikuwa na kijana wa kuongoza watalii, ana kitambulisho kifuani na kundi la watu kutoka Gujarat. Alikuwa amesimama kusikiliza.

"Samahani, Mama," akasema kwa adabu. "Waziri wa Vitamutamu ni yupi?"

Vanajamma akamgeukia taratibu. "Kazi hii umeianza lini, mwanangu?"

"Huu mwaka wa tatu, Mama."

"Basi bado hujafika huko."

Wale watu wa Gujarat wakaanza kuipiga picha ile picha.

Tukiwa tunatoka kuvaa viatu, Vanajamma alinishika bega. "Ratna," alisema kwa sauti ndogo, "rangi zote zile zilikuwa hapa karibu, na mimi nakaa nawauliza watu wa Bombay kama kwao kuna mvua."

Baada ya hapo hakushikika. Jumapili iliyofuata walikwenda kwenye yule ng'ombe mkubwa wa jiwe jeusi aliyelala mlimani, wakapanda ngazi, na Vanajamma akapumzika kila alipopata kisingizio cha kueleza jambo. Akamwambia Unde kwamba ng'ombe yule husogea kidogo kila mwaka wa uchaguzi, ila watu wanakuwa wameshughulika na kampeni hawaoni. Nyingine wakaenda ziwani kuangalia ndege. Nyingine sokoni kwenye vilima vya jasmini na vya unga mwekundu wa paji la uso. Hata kanisa lile lenye minara miwili waliliona, ingawa huko alisema ukweli mtupu, kwa sababu sista mmoja alikuwa amesimama karibu.

Alinunua raba. Nyeupe, zina mistari ya zambarau pembeni. Akawa anazivaa na sari ya hariri, anatembea kama mtu anayejifunza kuwa na miguu. Mtaa ukawa na kazi ya kufanya. Wanawake waliozoea kumuuliza habari za wengine wakaanza kuja kwangu kuniuliza habari zake.

Umbea ukafika Pune. Vanajamma anapenda kuzungumza kwa simu akiwa ameiweka sauti ya nje, mazoea ya kuwa na mikono huru, kwa hiyo mtaa mzima tulimsikia Muralidhara.

"Mama, watu wanasema unazurura na Mzungu."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Mtu ana jina, Murali. Nimefanya kazi ya simu maisha yangu yote, sijawahi kuunganishwa na Watu Tu."

"Mama, umri wako huo, unapanda milima. Ukianguka?"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka mahali pazuri. Hapa nyumbani nikianguka nitaanguka bafuni."

"Kwani unatafuta nini huko?"

"Mkeo hajambo?" akauliza Vanajamma, na kila mtu aliyekuwa akisikiliza akajua mazungumzo yamekwisha.

Mambo yaliharibika siku chache kabla ya sikukuu ya Dasara. Mwenye kiwanda, Bwana Channaveerappa, alimwalika Unde chakula cha mchana nyumbani kwake pamoja na jamaa zake wengi. Unde aliondoka na shati lililopigwa pasi, akagonga kichwa, akaenda. Aliporudi alasiri, Vanajamma alikuwa amekaa ngazini na ungo wa dengu akichambua mawe. Mimi nilikuwa nikitunga uzi kwenye sindano, na nitakiri kwamba sindano ile ilikuwa tayari ina uzi.

"Amma," Unde akasema bila kuketi, "Waziri wa Vitamutamu aliishi mwaka gani?"

Vanajamma akauweka ungo chini. "Kwa nini?"

"Leo mezani walikuwa watu wengi. Nilitaka waone kwamba nimeanza kuujua mji wao, nikawasimulia habari zake. Wakacheka. Nikadhani wamefurahi, nikaongeza ya ng'ombe na uchaguzi. Wakacheka zaidi. Halafu mke wa tajiri akanishika mkono kama unavyomshika mgonjwa, akaniuliza nani aliyeniambia."

"Ukasema nani?"

"Nilisema nimesahau."

Vanajamma aliposikia hivyo alitazama chini, na nikajua hilo limemwingia kuliko kama angetukanwa.

"Uliwahi kuingia ikulu kabla ya siku ile?" Unde akamuuliza.

"Hapana."

"Na kule mlimani?"

"Kwa gari mpaka hekaluni, kusali na kurudi. Ng'ombe sikumfikia."

"Kanisani?"

"Kanisani nilisema kweli."

Unde hakucheka. "Ungeniambia tu kwamba hujui."

"Siwezi," akasema Vanajamma. "Usinitazame hivyo, sikatai kosa. Nakwambia siwezi. Mimi ni mtu wa kuulizwa. Opereta hasemi sijui. Anasema subiri kwenye laini, halafu anatafuta. Wewe ulikuwa umesimama mbele yangu na macho yako hayo, na mimi sina laini ya kukusubirisha. Ningefanya nini?"

Unde alitikisa kichwa, juu na chini, kile kichwa chake kisichojua katikati, akapanda ghorofani.

Simu ya jioni haikulia siku ile, wala kesho yake. Vanajamma alipika kama kawaida, akapita kiasi, na mimi ndiye nikawa mpeleka sahani. Nampelekea Unde wali wa ndimu, naye ananirudishia sahani imeoshwa, na kila mmoja ananiuliza mwenzake anaonekanaje. Nilimwambia Vanajamma kwamba mpangaji anaonekana mrefu. Nilimwambia mpangaji kwamba mama mwenye nyumba anaonekana amevaa sari ya kijani. Sikuwa tayari kuwafanyia kazi yao.

Jumapili Unde alitoka peke yake asubuhi, akapanda basi kwenda kuona magofu ya Srirangapatna. Vanajamma alimwona akitoka. Alikuwa amekaa pembeni ya kizingiti amevaa raba zake, kamba zimefungwa, na hakuna aliyemwambia azivae. Alikaa hivyo mpaka kahawa yangu ya pili. Nikamwita aje anisaidie kutenganisha vishikizo, akasema ana kazi.

Kijana alirudi jua likiwa bado kali, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisimama mbele ya maua ya unga, akayaruka vizuri sana, na akainama kwenye fremu kwa wakati wake. Halafu akageuka, akatoka tena nje na kukaa kwenye ngazi ya chini.

"Kulikuwaje?" Vanajamma akauliza, akitazama barabarani.

"Kuna ngome. Kuna mto. Kuna mawe."

"Hukupata mtu wa kukueleza?"

"Nilipata. Anajua kila kitu, tangu mwaka huu mpaka mwaka ule. Nilimwelewa vizuri." Akapangusa uso. "Sikumbuki hata kimoja."

Miguu ya Vanajamma yenye raba ilianza kucheza kidogo.

"Amma, mimi nataka uendelee," Unde akasema. "Ila nataka kujua kipi ni kipi. Nisichekwe tena."

Vanajamma akafikiri. "Nikidanganya nitashika sikio."

"Lipi?"

"La kushoto. Ndilo nililovalia simu."

Wakakubaliana hivyo, na jioni ile simu ikalia juu. Tukasikia mtaa mzima, "Nani mwenzangu?"

Dasara ikaingia. Siku zile sisi tunatoa wanasesere wetu masandukuni na kuwapanga kwenye ngazi zilizofunikwa kitambaa cheupe, na kila jioni wanawake wanapita nyumba kwa nyumba kutazama, kuimba kidogo, kula dengu zilizokaangwa na nazi, na kuona wa nani wamependeza kuliko wa nani. Mwaka ule Vanajamma alifunga mlango siku mbili, akiwa na Unde ndani. Walipoufungua, ngazi ya juu kabisa walikuwepo mfalme na malkia wa mbao kama kawaida. Ngazi ya pili walikuwa mama wakwe wawili wamefungwa kwenye nguzo za vijiti, mbali kwa mbali. Chini yao kulikuwa na ng'ombe mweusi na masanduku madogo ya kupigia kura ambayo Unde aliyakunja kwa karatasi. Na katikati ya yote, amekalia mto, alikuwepo yule mwanasesere wa muuza duka mwenye kitambi ambaye kila nyumba inaye, ila huyu amevikwa kilemba, na mbele yake kuna sahani za vitamutamu halisi.

Watu wakaambiana. Jioni ya tatu gari kubwa likaingia mtaani, likasimama. Akashuka Bi Neelambika, mke wa Bwana Channaveerappa, na binti zake wawili. Mimi nilikuwa mle ndani nagawa jasmini, na nikaona Unde anarudi nyuma hadi kichwa kikagusa saa ya ukutani.

Bi Neelambika alivua viatu, akaja mbele ya wanasesere, akatazama ngazi moja baada ya nyingine, wala hakuharakisha. Kisha akamgeukia Vanajamma.

"Ndiwe uliyetupatia waziri?"

"Ni mimi," akasema Vanajamma. "Huyu kijana hana kosa."

"Mume wangu hajacheka hivyo tangu tuoane. Sasa kila nikimpa kitu kitamu anasema kwanza aonje waziri." Akaketi mkekani, akavuta binti zake karibu. "Wasimulie hawa. Na mimi nisikie kutoka kwenye chanzo."

Vanajamma akamtazama Unde. Halafu akashika sikio la kushoto, akaanza. Aliwapa waziri, akawapa homa yake na sherehe iliyoahirishwa, akaongeza mke wa waziri aliyempikia uji usio na chumvi kila siku ili ulimi upumzike, na mgogoro uliozuka alipoingia mpishi mpya kutoka Madras. Wanawake waliokuwa wakipita walisimama mlangoni, wakaingia, na wengine wakakaa juu ya miguu ya wenzao. Mkono wa Vanajamma haukutoka sikioni hata mara moja. Kuelekea mwisho uliuma, akabadilisha mkono lakini si sikio.

Hadithi ilipokwisha, Bi Neelambika alijifuta macho. "Ile picha iko upande gani?" akauliza. "Mimi nimeolewa mji huu na sijaingia ikulu. Nyumba yetu ina wageni kila wiki, nawapeleka mpaka getini, narudi kusimamia chakula."

Nikasikia mwanamke mwingine nyuma akisema hata yeye. Halafu mwingine. Muuza jasmini, ambaye hukaa mbele ya ukuta wa ikulu na kikapu chake kila siku ya Mungu, akasema yeye anajua mlango tu.

Ndivyo zilivyoanza Jumapili zetu. Mwanzoni tulikuwa bajaji mbili, baadaye tukahitaji basi dogo la kukodi, na Bi Neelambika alileta chakula kwenye masufuria ambayo yangetosha harusi. Unde alipewa kazi ya kubeba maji na kuhesabu watu, kwa sababu alikuwa anaonekana kutoka mbali na aliyepotea alimtafuta yeye. Kiwandani mafundi walikuwa wameanza kumwita Waziri. Alisema haimsumbui, na alisema kwa kuyumbisha shingo, kwa mara ya kwanza, vizuri kabisa. Vanajamma alipiga makofi.

Muralidhara alikuja Deepavali, sikukuu ya taa, bila kutoa taarifa, labda kuja kuona kwa macho yake. Alikuta mlango una kufuli. Mimi siku ile nilikuwa nimebaki, ile blauzi ya bi harusi ilikuwa imerudi tena kupanuliwa, kwa hiyo akaja kukaa kwenye benchi langu kati ya vitambaa.

"Wako wapi, shangazi?"

"Somanathapura. Hekalu la zamani."

"Wamekwenda na nani?"

"Uliza hawakwenda na nani, itakuwa rahisi."

Alikaa hapo mchana wote. Nilimpa kahawa, nikampa ya pili, nikampa vishikizo avitenganishe kwa rangi. Basi liliporudi, mama yake alishuka wa mwisho, uso umeungua jua, raba zimekuwa za rangi ya udongo, anabishana na Unde kama yule mchezaji ngoma wa jiwe alikuwa na vidole sita au mchongaji alikosea. Mkono wake haukuwa sikioni.

Alimwona mwanawe, akamgusa shavu kwa kiganja chenye vumbi.

"Umekula?"

"Mama, nimekungoja tangu asubuhi."

"Ningejuaje? Hukupiga simu." Alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mkunjo wa sari. "Unde, huyu ndiye Murali wangu. Murali, chukua hayo masufuria, yule kijana ana maji."

Muralidhara akayachukua. Alikuwa amekuja na maneno yake, niliyaona yamepangwa usoni tangu alipofika, lakini masufuria yalikuwa mazito na mama yake alikuwa ametangulia.

"Mama," akasema nyuma yake, "mnaangalia nini huko wiki zote hizi?"

"Vitu," akasema Vanajamma. Mlango ukafunguka. "Kesho bado ni sikukuu, tunakwenda maporomokoni Shivanasamudra, kuna nafasi moja kwenye basi. Jirani wa Neelambika ana harusi, haji. Utakaa nyuma na Ratna."

"Mimi nina blauzi," nikasema.

"Utakaa nyuma na Ratna," akarudia, akaingia ndani kuweka maji ya kahawa jikoni.